Shajara ya mradi: E. coli wameota, lakini je, ndio wanaomharisha ndama?

Mradi wenyewe

Meza ya uchunguzi ipo mjini Mbarara, magharibi mwa Uganda. Inapokea sampuli za ndama wa maziwa wanaoharisha, tangu siku wanapozaliwa hadi siku 42, kutoka mashamba ya Mbarara, Kiruhura na Isingiro. Wengi ni chotara wa Friziani na Ankole. Wachache ni Friziani kamili wanaofugwa bandani na kuletewa majani.

Mtaalamu wa mifugo aliyeko shambani anahitaji majibu mawili. La kwanza ni la siku ileile, ili ajue cha kufanya kabla ya jioni. La pili linahusu bakteria Salmonella: yupo au hayupo, na hilo halipatikani chini ya siku nne. Kipimo kisichobadilisha matibabu ya ndama huyu wala matunzo ya watakaozaliwa wiki ijayo hakina nafasi mezani. Kigezo hicho kimeshaondoa vipimo kadhaa, kikianzia na kile kilichokuwa msingi wa mpango mzima.

Wiki ya 1 na 2: mpango wa kwanza umetupwa

Mpango wa mwanzo ulikuwa ule unaofuatwa katika maabara nyingi ndogo: chukua kinyesi kwa swabu (kijiti chenye pamba), paka kwenye MacConkey (sahani ya agari, yaani chakula cha kuoteshea bakteria), weka nyuzi 37 za selsiasi usiku kucha, kisha andika kilichoota. Koloni (vishada vya bakteria) za waridi zikionekana, fomu inaandikwa "E. coli +++" na ndama anadungwa sindano.

Umeachwa kwa sababu E. coli ni mwenyeji wa utumbo. Anaingia ndani ya saa chache tangu ndama azaliwe na hatoki. Swabu ya ndama mzima anayerukaruka itaota koloni zilezile za waridi, kwa wingi uleule. MacConkey inaonyesha tu kwamba bakteria huyu anachachusha laktosi. Haionyeshi kama ana F5 (jina la zamani K99), yaani vinyweleo anavyovitumia kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo, wala kama anatoa sumu ya STa inayoufanya utumbo umwage maji na chumvi. Akikosa silaha hizo mbili, mara nyingi E. coli huyo ni mwenyeji tu. Kumkuta mtu nyumbani kwake si ushahidi kwamba ndiye aliyeiba.

Hasara ya jibu hilo haikomei kwenye karatasi. Ndama wa siku 12 mwenye Cryptosporidium akiandikiwa "E. coli +++", atadungwa antibiotiki ya oksitetrasaiklini ambayo haimfanyii lolote kimelea huyo, huku maji aliyopoteza yakiwa hayajarudishwa. Akifa, watu watasema dawa ilikuwa mbovu.

Mabadiliko: safu ya "E. coli" imefutwa kwenye fomu ya majibu. Badala yake kuna "E. coli mwenye F5: ndiyo / hapana / hakupimwa". Neno "hakupimwa" lina uzito wake, maana nafasi ikiachwa wazi msomaji huichukulia kuwa hapana.

Wiki ya 3: fomu ya kupokelea

Hapa ndipo kazi imekuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Umri wa ndama kwa siku, ukiandikwa sawasawa, unapunguza washukiwa kuliko sahani yoyote ya agari. "Mdogo" au "wa juzijuzi" haikubaliki tena. Mfugaji asiyekumbuka tarehe anaulizwa alizaliwa kabla au baada ya siku fulani ya soko, na kitovu kinaangaliwa kama bado kibichi au kimekauka.

Washukiwa kwa umri, kama walivyobandikwa ukutani:

Siku 1 hadi 4: E. coli mwenye F5 ndiye wa kwanza kutafutwa. Chembe za utumbo wa ndama mchanga zina sehemu za F5 kujishikizia, na sehemu hizo hupungua kadiri chembe zinavyokomaa. Ndiyo maana ugonjwa huu ni wa siku za mwanzo kabisa. Unaanza ghafla, kinyesi ni maji ya njano au meupe, na ndama anaweza kulala chini siku hiyohiyo.

Siku 1 hadi 10: bakteria Clostridium perfringens, hasa aina C. Dalili zake ni damu kwenye kinyesi, tumbo kuuma, au ndama kukutwa amekufa bila kuugua.

Siku 5 hadi 21: rotavirusi, koronavirusi na Cryptosporidium. Hakuna bakteria hata mmoja hapo, na ndilo kundi ambalo antibiotiki hupotea bure zaidi.

Kuanzia wiki ya 2 hadi miezi michache: Salmonella, hasa aina za Typhimurium na Dublin. Huja na homa, kinyesi chenye harufu kali, vipande vya utando na mara nyingine damu. Dublin anaweza kuleta nimonia au kuvimba viungo bila kuhara kwa maana.

Baada ya wiki 3: Eimeria, yaani vimelea vya koksidia. Mapema kuliko hapo mayai yake hayajaanza kutoka, kwa hiyo kumtafuta kwa ndama wa wiki moja ni kupoteza chumvi ya kuyaelesha mayai.

Kuna tahadhari moja. Rotavirusi anaweza kumfungulia mlango E. coli mwenye F5 hata baada ya siku ya 4, kwa hiyo ndama wa siku 8 haondolewi kwenye kipimo cha F5. Anawekwa nyuma kwenye foleni.

Vingine vilivyoongezwa kwenye fomu: joto la mwili (la kawaida kwa ndama ni nyuzi 38.5 hadi 39.5), kama ananyonya kidole kwa nguvu, muda ambao ngozi ya shingo iliyofinywa inachukua kurudi, na pengo kati ya jicho na kope. Ngozi ikirudi ndani ya sekunde 2, hali ni nafuu. Ikikaa zaidi ya sekunde 5 na jicho likiwa limezama, hali ni mbaya. Fomu ina hesabu ya maji iliyokwisha kuchapwa: ndama wa kilo 40 aliyepoteza asilimia 8 ya uzito wake amepoteza lita 3.2, na hizo ni mbali na anazohitaji kila siku. Hesabu hiyo haisubiri jibu la maabara. Maji ya chumvi na glukosi yanaanza sampuli ikiwa bado kwenye pikipiki.

Swali la mwisho la fomu ndilo linalodanganywa zaidi: "Amepewa dawa gani, lini?" Limegawanywa mara tatu: sindano, vidonge, unga wa kuchanganya na maziwa. Watu wengi hawahesabu unga kuwa dawa.

Wiki ya 4: kuchukua sampuli

Utaratibu unaotumika sasa:

1. Chagua ndama walioanza kuhara ndani ya saa 24 na ambao hawajapewa antibiotiki. Zizi likiwa na wagonjwa wengi, chukua watano au sita wa aina hiyo, usichukue mmoja aliye hoi. Aliye hoi mara nyingi ameshatibiwa, na kilichomwangusha huenda kimeshatoka utumboni.

2. Vaa glavu mpya kwa kila ndama. Lowesha kidole kwa maji safi tu. Sabuni na dawa za kuua vijidudu zinaua hata tunayemtafuta.

3. Ingiza kidole kwenye puru, kanda taratibu, kinga kinyesi moja kwa moja kwenye kichupa cha mdomo mpana chenye kifuniko cha kuzungusha. Inahitajika gramu 10 hadi 20. Usichote sakafuni: hapo utapata bakteria wa zizi zima na wa matope ya jana.

4. Chukua pia swabu moja, iingize kwenye mrija wenye jeli ya Cary-Blair (ya kuhifadhi bakteria safarini) hadi chini, vunja kijiti, funga.

5. Andika namba ya ndama kwenye mwili wa kichupa. Vifuniko hubadilishana vikiwa mezani.

Mwanzoni zilikuja swabu kavu tupu. Swabu inabeba sehemu ndogo mno ya gramu, haitoshi kwa Salmonella ambaye hutolewa kidogokidogo na kwa vipindi, na haifai kwa slaidi ya Cryptosporidium. Kichupa ndicho sampuli. Swabu ni akiba.

Wiki ya 5: usafiri

Kasha la baridi lenye vifuko vinne vya barafu linatosha kwa safari ya nusu siku kwa bodaboda, mradi vichupa visiguse barafu. Sampuli iliyoganda inapoteza sehemu ya bakteria, na mayai ya Cryptosporidium yanaharibika umbo. Sasa gazeti lililokunjwa linatenganisha barafu na vichupa, na kipimajoto cha bei rahisi kinakaa ndani. Lengo ni nyuzi 2 hadi 8.

Kasha lililoachwa juani nje ya kituo cha kukusanyia maziwa ni tatizo la pili. Joto likipanda, E. coli wa kawaida huzaliana na kumfunika Salmonella. Sampuli iliyofika na joto la zaidi ya nyuzi 15 inapimwa kwa kijiti cha kipimo cha haraka (kinaelezwa wiki ya 6) na hadubini tu. Kuotesha kunasubiri sampuli nyingine.

Wiki ya 6 na 7: kijiti cha F5

Jibu la siku ileile linatoka kwenye vipimo vya kijiti vinavyotafuta rotavirusi, koronavirusi, Cryptosporidium na F5 kwa pamoja. Ni ghali ukilinganisha na agari, kwa hiyo havitumiki kwa kila sampuli. Vinatumika kwa ndama wa siku 10 kushuka chini, na kwa sampuli mbili za mwanzo za kila zizi lenye mlipuko.

Makosa yaliyojitokeza na sababu zake:

Mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kijiti kimefanya kazi, haukuonekana. Kinyesi kilikuwa kizito kikaziba utando. Dawa yake ni kuchanganya, kuacha dakika chache makapi yatulie, kisha kuchota maji ya juu.

Mstari ulififia kwa kinyesi cha maji matupu. Kijiko cha kipimo kimekusudiwa kinyesi cha kawaida, na maji yana antijeni (alama ya kijidudu inayonaswa na kijiti) kidogo kwa kila tone. Kiasi kinaongezwa pale tu kijitabu cha kipimo husika kinaporuhusu.

Mstari ulisomwa baada ya nusu saa. Muda ulioandikwa kwenye kijitabu ukipita, mistari hewa hujitokeza. Kengele ya simu imewekwa.

Kijiti kikikosekana, njia ya pili ni kuchukua koloni 5 za waridi kutoka MacConkey, si moja, maana utumbo una aina nyingi za E. coli na mwenye silaha anaweza kuwa wa nne. Kila moja inahamishiwa kwenye agari ya Minca, nyuzi 37, usiku mzima, halafu inachanganywa na lateksi ya F5 (chembe zinazoganda zikikutana na F5) juu ya slaidi. Kuna wanaopima lateksi moja kwa moja kutoka MacConkey. Jibu la hapana wanalopata halina thamani, kwa kuwa F5 haitengenezwi vizuri kwenye agari nyingi za kawaida. Vilevile haitengenezwi kwenye nyuzi 18. Asubuhi ya baridi ya Mbarara, inkubeta (kabati la joto la kuoteshea) iliyozimika inatosha kubadilisha ndiyo kuwa hapana bila sahani kuonyesha dalili yoyote.

Wiki ya 8 hadi 10: Salmonella

Njia iliyochaguliwa inafuata kiwango cha kimataifa cha kutafuta Salmonella, ISO 6579-1 ya 2017, kwa kinyesi cha wanyama, ikigawanywa kwa siku hivi:

Jumatatu. Gramu 10 za kinyesi ndani ya mililita 90 za maji ya peptoni yenye bafa (mchuzi wa kuwaamshia bakteria). Nyuzi 37, saa 18.

Jumanne. Matone 3, jumla mililita 0.1, juu ya MSRV, agari laini ambayo Salmonella huogelea ndani yake. Nyuzi 41.5, saa 24. Sahani hizi hazipinduliwi kama nyingine: agari ni laini na inaporomokea kwenye kifuniko. Na zisitikiswe, kwa sababu kipimo chote kinategemea Salmonella kuogelea kutoka kwenye tone.

Jumatano. Tafuta ukungu mweupe wenye ukingo dhahiri uliotambaa kutoka kwenye tone. Chota kwenye ukingo wa nje, mbali kabisa na tone, kisha chora kwenye XLD (agari ya kumtofautisha Salmonella kwa rangi) na MacConkey. Pasipo ukungu, rudisha saa 24 nyingine. Ikifika Alhamisi bila ukungu, jibu ni "hajaonekana".

Alhamisi. Kwenye XLD tafuta koloni nyekundu zenye kiini cheusi. Zipelekwe kwenye TSI (mrija wa agari ya mteremko yenye sukari tatu na chuma) na kipimo cha urea.

Ijumaa. Salmonella: TSI ina mteremko mwekundu, kitako cha njano na weusi, na urea haijabadilika. Proteus, ambaye ndiye mlaghai mkuu wa XLD, huigeuza urea kuwa ya waridi. Kisha seramu ya kuwagandisha bakteria juu ya slaidi: seramu ya alama ya O4 inaelekeza kwenye kundi la Typhimurium, O9 kwenye kundi la Dublin. Tone la maji ya chumvi bila seramu linawekwa kando kila mara. Bakteria wakiganda hata humo, matokeo yote ya slaidi hiyo yanafutwa.

Ukungu ukichelewa hadi saa 48, kila kitu kinasogea siku moja.

Kwa ratiba hii sampuli zinazofika Alhamisi na Ijumaa zinapimwa kwa kijiti na hadubini siku hiyohiyo, halafu kichupa kinakaa friji nyuzi 4 hadi Jumapili jioni ndipo peptoni ianze. Salmonella anavumilia friji. Kisichovumilika ni sahani ya XLD iliyosahaulika inkubeta hadi Jumatatu: baada ya saa 48 bakteria wengine humaliza sukari, rangi hurudi nyekundu, na kila sahani inaonekana kuwa na mshukiwa.

Kutayarisha agari kumekula sahani nyingi. XLD haiingii kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo). Inapashwa hadi ianze kuchemka, inaondolewa, inapozwa hadi karibu nyuzi 50 na kumwagwa. Ikizidishiwa moto inaweka machujo na kubadilika rangi. MacConkey inaingia otoklevu, nyuzi 121 dakika 15. Hapo mwinuko unahesabika: Mbarara iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na otoklevu inayofanana na sufuria ya shinikizo ikionyesha pauni 15 haijafikia nyuzi 121. Inatakiwa ifike takriban 17. Utepe wa otoklevu hausaidii kugundua hilo, kwani unageuka rangi kwa kuguswa na joto tu, bila kupima dakika.

Umeme. MSRV inahitaji nyuzi 41.5 hasa, kwa sababu joto hilo ndilo linalowazuia bakteria wengine. Umeme ukikatika saa kadhaa, wenyeji wa utumbo wanapumua tena. Chupa sita za lita moja zilizojazwa maji na kupashwa hadi nyuzi 42 zimewekwa rafu ya chini ya inkubeta, nazo zinachelewesha joto kushuka. Kipimajoto cha kuonyesha cha juu na cha chini kinasomwa kila asubuhi. Kikionyesha kuwa joto lilishuka chini ya 40, sahani za siku hiyo zinarudiwa kutoka kwenye peptoni, ambayo haimwagwi mpaka jibu litoke.

Jibu la "hajaonekana" linaambatana na sentensi moja kwenye fomu: sampuli moja haimwondoi Salmonella zizini. Ndama akiwa na homa na damu, sampuli nyingine mbili zinaombwa kwa siku tofauti.

Wiki ya 11: Clostridium na ndama waliokufa

Kuotesha Clostridium perfringens kumefutwa kwenye orodha ya vipimo vya kinyesi. Naye ni mwenyeji wa utumbo, na kosa la wiki ya kwanza lingejirudia kwa jina lingine. Kinachothibitisha ni sumu. Aina C inatoa sumu ya beta, ambayo tripsini (kimeng'enya cha utumboni) huivunja, lakini ndama mchanga ana tripsini kidogo na dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) yenyewe ina vizuizi vya tripsini. Ndiyo sababu siku za mwanzo ni za hatari. Kwa ajili hiyo mililita 10 hadi 20 za maji ya utumbo mwembamba zinagandishwa mara moja na kuhifadhiwa kwa ajili ya maabara kubwa za Kampala au Entebbe. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni karibu kilomita 270, hivyo vifuko vya barafu vinakuwa vinane, si vinne.

Maiti inapasuliwa ndani ya saa 2, au haipasuliwi kabisa kwa ajili ya utumbo. Ukuta wa utumbo huanza kuoza kabla ngozi haijapoa, na Clostridium huzaliana ndani ya mzoga kiasi kwamba saa sita baadaye atapatikana kwa ndama aliyegongwa na gari. Vipande vya sentimita 1 hadi 2 vya ileamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba), vikiwa vimefunguliwa, vinatiwa kwenye fomalini ya asilimia 10 yenye ujazo mara kumi ya kipande. Kwa Salmonella huchukuliwa ini, nyongo na tezi za utumbo: uso unachomwa kwa kisu kilichopashwa moto, kisha swabu inaingizwa ndani. Salmonella kwenye ini ana maana nzito kuliko kwenye kinyesi, kwa sababu huko si makazi ya mwenyeji yeyote.

Wiki ya 12: slaidi ya Cryptosporidium

Si bakteria, lakini bila slaidi hii uchunguzi wa bakteria unapotoka. Paka kinyesi kwa wembamba, kausha, weka methanoli dakika 3. Rangi nyekundu ya kabolifuksini kali, baridi, dakika 15. Osha. Methanoli yenye asidi ya hidrokloriki asilimia 1, sekunde 10 hadi 15. Osha. Malakaiti ya kijani asilimia 0.4, sekunde 30. Mayai yanaonekana mekundu kwenye uwanja wa kijani, kipenyo mikroni 4 hadi 6. Hamira zinabaki za kijani, na mara nyingi zimechipua vitoto. Tabaka nene halisafiki kwa asidi na kila kitu kinabaki chekundu. Hilo ndilo kosa la kila mgeni wa meza hii.

Meza inafutwa kwa maji yanayochemka. Klorini ya dukani haimwui Cryptosporidium, na yeye kama Salmonella anaambukiza watu. Hakuna chai chumba cha kupokelea.

Wiki ya 13: dang'a

Damu ya ndama wa umri wa saa 24 hadi siku 7 inachukuliwa kwenye mrija usio na dawa ya kuzuia kuganda, inaachwa igande, na seramu inawekwa kwenye rifraktomita, kifaa cha kupimia protini, ambayo huonyesha kama ndama alipata kinga ya dang'a. Protini ya gramu 6.2 kwa desilita au zaidi ni bora, 5.8 hadi 6.1 nzuri, 5.1 hadi 5.7 ya wastani. Chini ya 5.1 dang'a haikufika kwa wakati. Kifaa kinasawazishwa kwa maji yaliyotoneshwa kabla ya kila kundi.

Ndama aliyekaukiwa maji anatoa namba ya juu ya uongo, kwa hiyo wanaopimwa ni wenzake wazima, wapatao 12 ikiwezekana, na jibu ni la zizi. Katika mashamba mengi ya huku ndama ananyonya mwenyewe kabla na baada ya kukamua, na hakuna ajuaye amepata kiasi gani. Fomu sasa inauliza: alinyonya au alinyweshwa, lita ngapi, saa ngapi baada ya kuzaliwa. Ndama wa kilo 40 anatakiwa apate lita 4 mapema iwezekanavyo, lengo likiwa ndani ya saa 4.

Wiki ya 14: usugu wa dawa

Diski (vikaratasi vyenye antibiotiki) zinawekwa kwa bakteria wa aina mbili tu: E. coli aliyethibitishwa kuwa na F5, na Salmonella. Kumpima E. coli yeyote wa kinyesini ni kuuliza mwenyeji asiye na hatia anaogopa dawa gani.

Agari ya Mueller-Hinton mililita 25 kwa sahani ya milimita 90, unene uwe milimita 4. Ikiwa nyembamba, duara lisiloota bakteria kuzunguka diski linakuwa kubwa na dawa inaonekana kufaa. Uzito wa bakteria unalinganishwa na ukungu wa McFarland 0.5, unaotengenezwa hivi: mililita 0.05 za bariamu kloridi asilimia 1.175 na mililita 9.95 za asidi ya salfuriki asilimia 1. Nyuzi 35, saa 16 hadi 18. Kila kundi lina sahani ya E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia. Duara la tetrasaiklini mikrogramu 30 liwe milimita 18 hadi 25, na la jentamaisini mikrogramu 10 liwe 19 hadi 26. Lisipokuwa hivyo, hakuna jibu linalotoka siku hiyo.

Kwa Salmonella, jentamaisini haiandikwi kuwa inafaa hata duara likiwa kubwa. Vivyo hivyo sefalosporini za kizazi cha kwanza na cha pili. Zinamshinda Salmonella kwenye sahani na kushindwa ndani ya mnyama.

Yaliyobaki

Seramu ya O9 inaisha mwezi ujao. Kichupa kipya kilinganishwe na cha zamani kabla hakijatupwa.

Mtaalamu mmoja wa Isingiro bado anatuma swabu kavu. Apelekewe vichupa 20 vyenye namba na mirija 20 ya Cary-Blair.

Wiki ya 15 inaanza na zizi lenye ndama wa siku 2 na 3 wanaoharisha maji, hawajapewa dawa. Vijiti vya F5 vilivyobaki ni vitano: viwili kwa zizi hilo, vitatu vibaki kwenye friji.